Sifuri ya Saa Nane

Madamu hakukaa kwenye kiti kabla ya kukitikisa. Alishika mgongo wake, akakisukuma mbele, akakivuta nyuma, akainama kutazama miguu, ndipo akakaa. Hata kiti chake mwenyewe, kile alichokalia jana na juzi, alikitikisa upya kila asubuhi, kana kwamba kuna mtu aliingia kulegeza misumari. Mwanzoni sisi wanafunzi wake tulicheka. Baada ya miezi kadhaa nilijikuta jikoni kwetu natikisa kigoda, mama ananiangalia huku ameshika mwiko.

Jina lake lilikuwepo kwenye makaratasi ya chuo lakini hatukulitumia, na hapa pia silitumii. Alikuwa Madamu, basi. Alitufundisha kutengeneza programu za kompyuta katika vyumba viwili vya kupanga juu ya duka la pembejeo, mjini Shinyanga, upande wa stesheni. Treni ya mizigo ikipita, meza zilitetemeka na kompyuta moja ya dirishani ilizimika yenyewe. Hiyo ya dirishani Madamu aliipenda kuliko zote. Alisema inatufundisha kuhifadhi kazi kuliko yeye.

Nilipomwambia baba kwamba nimeanza kujifunza kuandika kodi, aliacha kukunja kitenge alichokishika. Baba yangu anauza vitenge sokoni, na neno kodi kwake lina maana moja tu.

"Kwa hiyo wewe Zuhura, mwanangu wa kumzaa," akasema, "umekwenda kusomea kuwaandikia wenzako kodi?"

Nikamweleza kwamba hii ni kodi nyingine, ni maelekezo unayoiandikia kompyuta ili ifanye unachotaka, mstari mmoja baada ya mwingine. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Lakini kesho yake nilimsikia akimwambia jirani yake wa kibanda cha pili kwamba binti anasoma mambo ya serikali, na kwamba mbele yake wasiongee sana.

Programu ya kwanza niliyoandika ilimwuliza mtu umri wake, kisha ikamwambia mwaka aliozaliwa. Niliijaribu kwa umri wangu, ikajibu sawa. Niliijaribu kwa umri wa mama, ikajibu sawa. Nikamwita Madamu kifua mbele.

"Imefanya kazi," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Nimeona mwenyewe, Madamu."

"Umeiona ikifanya kazi mbele yako wewe, unayeitakia mema." Akavuta kiti, akakitikisa, akakaa. Palipoulizwa umri akaandika kwa herufi: wa kutosha. Programu ikafa papo hapo. "Bibi yangu ukimwuliza umri wake hivyo ndivyo atakavyokujibu," akasema. Nikarekebisha. Akarudi, akaweka umri ulio chini ya sifuri, wa mtu ambaye bado hajazaliwa. Programu ikampa mwaka wa kuzaliwa bila haya. Nikarekebisha tena. Safari iliyofuata hakuandika kitu, alibonyeza tu, akabonyeza tena na tena kama mtu mwenye haraka zake, mpaka ikakwama.

Ndivyo alivyofundisha. Hakutuambia tuwe makini. Alikuja kutuharibia. Alisema programu unamwandikia mtu mwenye njaa, mtu aliyechoka na mtu mwenye nia mbaya, na katika hao watatu mwenye nia mbaya ndiye rahisi kumdhibiti, maana anajua anachotaka.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja: usiguse kazi ya mwenzako kimya kimya. Ukitaka kubadilisha hata mstari mmoja, unasimama mbele ya darasa, unausoma kwa sauti, unaeleza kwa nini, na wenzako wanakupinga mpaka wachoke. Kijana mmoja mwepesi sana wa vidole, ambaye sote tulimwonea wivu, alibadilisha kitu kidogo kwenye kazi ya kikundi bila kusema. Alichokibadilisha kilikuwa sahihi, tena bora kuliko cha mwanzo. Madamu alikifuta mbele yetu, akamwambia aandike upya baada ya kutueleza.

"Lakini ni sahihi, Madamu," kijana akalalamika.

"Leo ni sahihi. Umeshajizoesha."

Mtu anayeshuku kila kitu hivyo huwafundisha na wengine kumshuku yeye. Hatukukawia. Madamu hakupenda kupigwa picha. Siku ya mahafali madogo ya darasa lililotutangulia alisimama nyuma ya pazia mpaka simu zote zikarudishwa mifukoni. Alipanga chumba kimoja Ndembezi, chenye makufuli mawili mlangoni, na mwenye nyumba hakujua anatoka wapi zaidi ya kwamba alihamia kutoka Dar es Salaam. Wengine walisema alifukuzwa benki huko kwa kuiba kwa kompyuta. Wengine walisema hapana, aliwakamata waliokuwa wanaiba, na hao ndio waliomfanya aondoke. Hadithi zote mbili zilieleza makufuli vizuri tu.

Kisha, katika miezi ya mwisho ya masomo yetu, lilikuja gari jeupe lenye vioo vyeusi. Lilifika Jumamosi, likasimama chini ya chuo injini ikiunguruma, na Madamu akashuka, akaingia, milango ikafungwa. Halikuondoka. Lilibaki pale pale. Baada ya muda alitoka, akapanda ngazi, akaendelea na somo pale alipoachia, kama mtu aliyekwenda kunywa maji. Jumamosi zilizofuata lilirudi tena.

"Huyo mwalimu wenu anaishi kama mtu anayetafutwa," baba aliniambia alipoliona gari hilo. Nilimtetea. Lakini siku ile nilikaa darasani namtazama mikono.

Na bado, mtu huyo huyo alikuja na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, vya karanga kwenye bakuli la plastiki, akaliweka mezani bila kusema ni ya nani, kwa sababu alijua kuna waliotoka vijijini bila kula. Na wakati wa likizo alimpa Masanja kompyuta yake mwenyewe aende nayo kwao.

Masanja ndiye niliyekaa naye meza moja. Alikuwa ametoka kijijini upande wa Msalala, na siku ya kwanza alibonyeza vibonye kwa kidole kimoja kama mtu anayechoma sindano. Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa Kisukuma ndani yake, na alipokasirika alikihama kabisa. Alikuwa mtaratibu, hakuwahi kubahatisha. Kazi yetu tuliigawa hivi: mimi niliandika, yeye alivunja. Nilimzoea kiasi kwamba alipokosekana sikuweza kufikiri vizuri.

Nilimwuliza Madamu amewezaje kumwamini Masanja na kompyuta yake yenye kila kitu.

"Simwamini," akanijibu. "Nimempa tu."

Niliwaza maneno hayo njia nzima mpaka nyumbani, sikujua kama niyapende au niyaogope.

Kazi ya mwisho ya masomo yetu aliileta Masanja. Kaka yake, Kulwa, alikuwa mchimbaji mdogo kwenye duara moja upande wa Geita. Duara ni shimo la dhahabu. Wachimbaji huteremka ndani kwa kukanyaga magogo yaliyopachikwa kwenye kuta, na mawe hupandishwa kwa kamba na winchi. Mdomoni mwa shimo hukaa msimamizi, ambaye anatakiwa kujua nani yuko chini. Yule wa kwao aliandika majina kwa chaki kwenye kipande cha bati. Mvua ikinyesha majina yanaondoka na maji.

"Kaka anashuka kila siku," Masanja alilieleza darasa. "Akichelewa kutoka, mama anauliza yuko wapi, na hakuna mwenye jibu."

Basi tukatengeneza programu ya simu. Mtu akishuka, msimamizi anabonyeza jina lake. Akitoka, anabonyeza tena. Juu kabisa, kwa tarakimu kubwa, inaonekana idadi ya waliobaki chini. Mimi niliandika sehemu ya kushuka, Masanja akaandika ya kutoka, na tarakimu ile kubwa tuliiandika pamoja. Badiliko lolote tulilofanya chuoni lilifika kwenye simu ya msimamizi kupitia mtandao.

Madamu aliitilia shaka kazi hiyo kuliko zote. Alitupeleka hadi Geita tuone duara lenyewe, tukalala kwa shangazi yake Masanja, na asubuhi akakaa mdomoni mwa shimo na msimamizi akimsumbua kwa maswali. Mikono ikiwa na tope simu inabonyezeka? Kukiwa na majina mawili ya Kulwa? Mtu akitoka kwenda kujisaidia, ametoka au hajatoka? Msimamizi, mtu mnene mwenye subira, alijibu mpaka akaanza kucheka.

Na hapo tukajua gari jeupe ni la nani. Lilikuwa limeegeshwa chini ya turubai karibu na mashine za kusagia mawe. Mwenye duara alitoka ndani, akamsalimia Madamu kama mtu wanayefahamiana, wakasogea pembeni. Walizungumza kwa sauti ndogo. Niliona yule mwanamume ananyooshea simu ya msimamizi kidole, na Madamu anatazama chini.

"Anataka nini?" nilimwuliza tulipokuwa njiani kurudi.

"Anataka kila jioni programu isome sifuri. Wakaguzi wakipita aonyeshe kwamba watu wake wanatoka kwa wakati."

"Na wewe umemwambiaje?"

"Nimemwambia itasoma sifuri siku wote watakapotoka."

Alinijibu vizuri, na mimi kwa namna fulani sikuridhika. Mbona mtu wa Geita aje mara kwa mara hadi Shinyanga kusema neno moja hilo? Masanja aliniambia niache. Mwenye duara ndiye aliyetupa ruhusa, lazima aje.

Programu ilianza kutumika, na Madamu akaanza kuchoka. Msimamizi alikuwa anampigia simu kila mara, hata katikati ya somo. Alitoka nje kupokea, tukamsikia akisema taratibu, haya, niambie jina lake, nitamtoa mimi. Alirudi uso umekunjamana. Masanja akajitolea awe anapokea yeye. Madamu akakataa.

Siku ya tukio tulikuwa tumekwenda tena Geita, Madamu, Masanja na mimi, kufanya majaribio ya mwisho. Asubuhi ilikuwa jua kali. Zamu ya asubuhi ilikuwa ikiisha saa nane mchana, na wachimbaji wa zamu hiyo walishatawanyika kwenda kula wakati mawingu yalipojaa upande wa ziwa. Mvua ilikuja na upepo. Sote tulikimbilia chini ya turubai. Maji yakaanza kukimbia kutoka mlimani, mekundu, yakielekea kwenye mashimo.

Msimamizi alitoa simu mfukoni, akaifuta kwa shati, akatuonyesha. Sifuri kubwa.

"Hakuna mtu," akasema. "Mungu mkubwa. Wacha yajae."

Nakumbuka nilijisikia fahari. Nilimgusa Masanja kiwiko. Kile tulichokiandika juu ya duka la pembejeo kilikuwa kinampa mtu utulivu katikati ya mvua ile.

Madamu aliichukua simu mkononi mwa msimamizi. Aliitazama kwa muda ambao haukuhitajika kusoma tarakimu moja. Kisha akatoka kwenye turubai, akaenda kwenye mvua mpaka mdomoni mwa shimo, akawa anazunguka na kuinama, kanga imemshika mwilini.

"Viatu vya nani hivi?" akapiga kelele.

Pembeni ya winchi, chini ya kipande cha bati, kulikuwa na ndala jozi mbili.

"Vya watu wa jana hivyo, Madamu! Rudi, utateleza!"

"Watu wa jana walikwenda nyumbani miguu mitupu? Wote wawili?"

Msimamizi akazitazama zile ndala. Madamu akamwambia awaite watu.

"Lakini programu inasema..."

"Waite watu, baba. Nakuomba. Waite."

Masanja alikuwa ameshatoka. Aliokota ndala moja, akaigeuza. Kulwa alikuwa ameshona kamba ya ndala yake kwa waya wa bluu. Masanja alipiga magoti kwenye tope, akaita jina la kaka yake ndani ya shimo kwa Kisukuma, akaita, akaita. Maji yalikuwa yanaingia kwa sauti. Halafu tukasikia kitu kama jiwe linagonga gogo. Kikagonga tena.

Watu walikuja mbio kutoka kwa mama lishe, wengine bado wanatafuna. Wakachimba mfereji kuyageuza maji, wakaleta pampu, wawili wakashuka na kamba. Wa kwanza kupandishwa alikuwa mchimbaji mzee, anatetemeka lakini mzima. Kulwa alikuja baadaye, mguu wake ulikuwa umebanwa na gogo lililong'oka, ngozi yake yote rangi moja na tope. Walikuwa wamebaki chini kumalizia kupakia mawe. Walipowekwa kwenye gari jeupe kupelekwa hospitali, mwenye duara mwenyewe akiendesha, Kulwa alimshika Madamu mkono hakuuachia mpaka mlango ulipofungwa.

Jioni ile machimbo yote yalikuwa yanamzungumzia. Wanawake walikuja kumsalimia kwa heshima, shikamoo mayu, yaani mama, hata waliomzidi umri. Mzee mmoja alitaka kumpa mbuzi. Madamu alikataa kila kitu na akaomba maji ya kuoga.

Tuliporudi chuoni, mimi na Masanja tulifungua programu kabla hata ya kukaa vizuri. Tulitaka kujua mtu aliye shimoni anageukaje kuwa sifuri. Tuliona haraka. Katikati ya sehemu aliyoiandika Masanja kulikuwa na mistari michache ambayo si yetu. Ilisema kwamba saa nane mchana ikifika, zamu inapoisha, wote waliobaki chini wahesabiwe wametoka. Kwisha. Ilikuwa safi, imeandikwa vizuri, haina kosa hata moja la tahajia.

Tulitazamana.

"Ni wewe?" Masanja akaniuliza.

"Ni mimi kwa nini? Ni wewe? Iko kwenye sehemu yako."

"Kaka yangu alikuwa mle ndani, Zuhura."

Tulikubaliana tusubiri Madamu aulize. Tulijua atatusimamisha mmoja mmoja, atauliza nani kaandika, kwa nini, nani kamwambia. Alikuja asubuhi, akakitikisa kiti, akakaa. Akafundisha namna ya kupanga majina kwa alfabeti. Somo likaisha. Kesho yake akafundisha kitu kingine. Tulipofungua tena programu, ile mistari ilikuwa haipo.

Yule mwanamke aliyeuliza habari ya kila kitu, safari hii hakuuliza.

Hapo shaka yangu yote ikamwendea yeye. Nililiunganisha gari jeupe na mazungumzo ya pembeni na sifuri ambayo mwenye duara aliitaka kila jioni, nikaona picha imekamilika. Nilimwambia Masanja tukiwa wawili chini ya ngazi: Madamu ametuuza. Ameweka ile mistari kumfurahisha mwenye duara.

Masanja alinitazama kama mtu ambaye hanijui.

"Yule aliyemtoa kaka yangu?" akasema. "Nyie wote mlikuwa mmekaa kwenye turubai mnachekelea. Wewe ulinigusa kiwiko, nakumbuka. Yeye peke yake alikwenda kwenye mvua. Ungetafuta mwingine wa kumsingizia, Zuhura."

"Kwa hiyo unadhani ni mimi."

"Wewe ndiye uliyekaa na kompyuta ile wiki nzima nilipokwenda msibani."

Hiyo ilikuwa kweli. Nilimwambia tu kwamba si mimi, na Madamu mwenyewe alikuwa ametufundisha neno kama hilo lina uzito gani. Masanja alihamia meza ya mbele. Tulimaliza masomo tukipishana kwenye ngazi kama wapangaji wenye ugomvi wa maji. Kulwa alipona, lakini goti lake halikukunjika tena, akaacha machimbo, akarudi kulima mpunga. Madamu hakumaliza mwaka. Asubuhi moja mlango wa Ndembezi ulikuwa wazi, makufuli yote mawili yananing'inia, chumba kimefagiliwa. Waliosema aliiba benki wakasema, mnaona?

Nilikuja kumwona mwaka huu, Buseresere.

Nilikuwa nakwenda Chato kuweka mfumo wa dawa kwenye zahanati moja, maana kazi hiyo ndiyo naifanya siku hizi. Basi lilisimama Buseresere watu wanyooshe miguu, na mimi nikashuka kununua nanasi. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alikuwa anambishia muuzaji kuhusu nanasi lililoiva upande mmoja, na kabla sijaiona sura yake nilishajua ni nani.

"Shikamoo, Madamu."

Aligeuka. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe kwenye paji. "Marahaba," akasema, akanitazama vizuri usoni. "Zuhura."

Akaniambia anaishi hapo kwa dada yake, anafundisha hesabu sekondari. Kompyuta hagusi. Akaniuliza habari za baba na vitenge vyake. Nilimjibu, lakini nilikuwa nasikia konda anaanza kuhesabu abiria, nikaona nafasi hii haitarudi.

"Madamu, ile mistari ya saa nane aliiweka nani?"

Hakujifanya hajaelewa. Alilirudisha nanasi kwenye meza.

"Mimi."

"Mwenye duara alikuomba."

"Ningependa kukwambia hivyo. Aliniomba mara nyingi, alikuja mpaka Shinyanga, na mara zote nilikataa. Si yeye." Alifuta mikono kwenye kanga. "Ni zile simu. Fulani ametoka, msimamizi amesahau kumtoa, programu inasema yuko chini, mke wake analia, mtoe Madamu. Kila siku. Siku moja nilikuwa na homa na simu haikuacha kuita. Nikasema zamu ikiisha waondoke wote, nipumzike, nitakuja kuitengeneza vizuri wiki ijayo."

"Hukutuambia. Wewe."

"Ningewaambia ningelazimika kusimama na kuisoma kwa sauti. Na ningeisoma kwa sauti, ningeisikia."

Muuzaji wa nanasi alikuwa ameacha kazi yake anatusikiliza. Nikamwambia Madamu kwamba siku ile ya mvua watu wote walimwona kama mtu mwenye macho mengine. Walitaka kumpa mbuzi.

"Najua," akasema. "Kila mtu alidhani nimetilia shaka. Sikuwa na shaka yoyote. Nilipoiona ile sifuri nilijua ni yangu, na saa nane imepita. Viatu nilivitafuta, Zuhura. Nilikuwa naomba nione kitu, chochote, cha kumwonyesha yule msimamizi, ili nisiseme kwa mdomo wangu. Kama visingekuwepo..." Hakumalizia.

Nilisikia hasira ambayo sikujua bado ninayo. Nikamwambia kwamba Masanja hajazungumza na mimi tangu wakati ule. Kwamba alidhani ni mimi niliyemwacha kaka yake shimoni, na mpaka leo anadhani hivyo, na kwamba yeye Madamu alikuwa anatuona tunavyohamishana meza na akaendelea kupanga majina kwa alfabeti.

Nilitegemea ajitetee. Alisimama tu, na uso wake ukawa wa mtu ambaye jambo hili ni jipya kwake. Nadhani aliwahi kuhesabu makosa yake yote isipokuwa hilo.

"Una namba yake?" akauliza.

Nilikuwa nayo. Sikuwahi kuifuta wala kuipiga. Niliitafuta, nikabonyeza, nikaweka simu sikioni, huku nikiomba asipokee. Akapokea.

"Nani?"

"Zuhura. Niko Buseresere. Niko na Madamu. Ana neno la kukwambia."

Nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili. Alimsalimia kwa Kisukuma, kisha akaendelea kwa Kisukuma, polepole, na mimi mtoto wa mjini nikawa naokota neno hapa na neno pale: mvua, shimo, saa, na jina langu. Jina langu alilitaja zaidi ya mara moja. Kisha akaacha kusema. Nilisikia sauti ya Masanja kwa mbali, ndefu, imepanda, ikavunjika, ikapanda tena. Madamu hakuiondoa simu sikioni. Machozi yalimteremka na hakuyafuta, alikuwa anaitikia tu kwa kichwa, kana kwamba Masanja anamwona.

Basi lilipiga honi. Konda akaja mpaka kwenye meza ya mananasi, akaniuliza dada unakwenda au huendi, abiria wamekaa juani.

Nikamwambia anishushie begi langu.

Alilileta akinung'unika, akaliweka miguuni pangu, basi likaondoka. Vumbi lilipotulia Madamu alikuwa bado ameinamisha kichwa anasikiliza. Kisha akasema neno moja fupi, akaishusha simu, akainyoosha kwangu.

"Anakutaka wewe," akasema.